Wasomaji Wanauliza: Ndege za Wanamaji Dhidi ya Meli za Adui

Katika toleo lililopita tulichapa ukurasa mmoja kuhusu usiku wa tarehe 11 Novemba 1940, ambapo ndege 21 za wanamaji wa Uingereza ziliruka kutoka manowari ya kubeba ndege iitwayo Illustrious na kuishambulia bandari ya Taranto, kusini mwa Italia. Barua zilizofuata ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, na baadhi zina ubishi wa kweli ndani yake. Nimechagua nane, nikazifupisha bila kuzipotosha.

Ndugu Mhariri, mmeandika kwamba ndege 21 za kizamani, zenye mabawa mawili juu na mawili chini na kufunikwa kwa kitambaa, zililemaza nusu ya manowari kubwa za Italia kwa usiku mmoja. Nafundisha historia na sipendi kuwapa wanafunzi habari zilizotiwa chumvi. Je, hesabu hiyo ni sahihi? (Mwalimu wa sekondari)

Mwalimu, hesabu ni sahihi, ila inahitaji maelezo ambayo ukurasa mmoja haukuweza kuyabeba. Bandarini usiku ule kulikuwa na manowari kubwa sita za deraya, yaani zilizovikwa bamba nene za chuma, na tatu kati yake zilipigwa: Littorio, Caio Duilio na Conte di Cavour. Katika ndege zile 21 za aina ya Swordfish, ni 11 tu zilizobeba topido, yaani lile kombora refu ambalo ndege huliangusha majini likaenda lenyewe chini ya maji mpaka ubavuni mwa meli. Nyingine zilibeba mabomu na miali ya kumulika bandari. Topido tano zilifika zilikokusudiwa, tatu zikaipiga Littorio, na Duilio na Cavour zikapata moja moja. Ndege mbili hazikurudi.

Topido tano kati ya 11 ni matokeo makubwa mno, na ndiyo maana inafaa kuuliza yalipatikana kwa sababu gani. Kwanza, meli zilikuwa zimetia nanga, na meli iliyotia nanga haiwezi kukwepa. Pili, siku chache kabla ya shambulio dhoruba ilikuwa imeharibu sehemu kubwa ya maputo yaliyofungwa kwa nyaya ili kuzuia ndege zisiruke chini, na nyavu za chuma za kuzuia topido hazikuwa zimekamilika kuzizunguka meli zote. Tatu, Waingereza walikuwa wametatua tatizo la kina cha maji. Topido ikiangushwa ovyo huzama mbali kabla ya kunyooka, na katika bandari yenye kina kifupi hujichimbia matopeni. Kwa hiyo walifunga waya kati ya pua ya topido na ndege, ili pua isitangulie mno kushuka na topido iangukie tumbo. Ukiongeza giza na adui aliyekuwa hajategemea kushambuliwa kwa namna ile, unaona kwamba ndege zile za kitambaa hazikuyashinda mapungufu yake kwa ujasiri wa marubani peke yake. Zilipelekwa mahali na wakati ambapo mapungufu hayo hayakuwa na uzito.

Kuhusu matokeo, Cavour haikurudi vitani tena, lakini Littorio na Duilio zilitengenezwa zikarudi kazini mwaka uliofuata. Meli zilizosalimika zilihamishiwa Napoli mara moja, mbali zaidi na njia za misafara ya Waingereza. Hata hivyo, kabla mwezi haujaisha manowari mbili kubwa za Italia zilikuwa zimekwisha kutoka tena baharini kumtafuta adui, kwa hiyo nawaomba wanaosema kwamba Taranto iliondoa kabisa jeshi la majini la Italia vitani wapunguze kidogo sauti.

Mpendwa Mhariri, kati ya bomu na topido, ni silaha gani iliyokuwa na ufanisi zaidi dhidi ya meli? Tumebishana darasani na hatukufikia mwisho. (Mwanafunzi wa kidato cha sita)

Kijana wetu, msijilaumu kwa kutofika mwisho, kwa sababu marubani wenyewe walibishana juu ya jambo hilo hadi vita vikaisha. Topido huitoboa meli chini ya usawa wa maji, na maji yakishapata njia hayahitaji msaada wa mtu. Bomu huangukia juu, mahali ambapo manowari kubwa ina sitaha nene ya deraya, likaharibu mizinga, likaua mabaharia, likawasha moto, na bado meli ikaendelea kuelea. Kwa hoja hiyo peke yake topido ingeshinda.

Kazi ni kuifikisha. Rubani wa topido alilazimika kushuka mpaka karibu na mawimbi, kuinyoosha ndege, kupunguza mwendo na kwenda moja kwa moja kuielekea mizinga inayompiga. Topido ya Marekani iliyoitwa Mark 13, mwanzoni mwa vita, ilitakiwa iangushwe kutoka kimo cha mita 15 hivi na kwa mwendo wa kilomita zipatazo 200 kwa saa. Ikizidishiwa hapo iliweza kuharibika au kupotea njia. Asubuhi ya tarehe 4 Juni 1942, karibu na kisiwa cha Midway katika bahari ya Pasifiki, Wamarekani walituma ndege 41 za namna hiyo kutoka manowari tatu, bila ulinzi wa kutosha wa ndege za kivita. Hakuna topido hata moja iliyoipiga meli ya Kijapani. Kikosi cha manowari Hornet kilipoteza ndege zake zote 15, na kati ya watu 30 waliokuwa ndani alinusurika mmoja. Silaha na ndege zao ndivyo vilivyowaangusha. Hakuna anayeweza kusema walikosa moyo.

Sasa tazama upande wa pili. Ndege kubwa za mabomu zilizoruka juu sana siku hiyo hiyo nazo hazikupiga kitu, na hilo unaweza kulifafanulia darasa kwa hesabu ya fizikia. Bomu likiachiwa kutoka mita 6,000 huchukua sekunde 35 hivi kufika chini. Meli inayokwenda maili 30 za bahari kwa saa husogea zaidi ya mita 500 katika muda huo, na nahodha anayetazama juu ana nafasi ya kutosha kuzungusha usukani. Mtupaji bomu analenga mahali ambapo meli itakuwa, na mwenye kuamua itakuwa wapi ni nahodha.

Ndege ya kupiga mbizi ilivunja hesabu hiyo. Rubani alielekeza pua chini karibu wima, akaifuata meli kwa macho hata ilipogeuka, akaachia bomu akiwa mita mia chache tu juu yake, kiasi kwamba lilibakiwa na sekunde nne au tano za safari. Ndege za namna hiyo, zile Dauntless za Wamarekani, ndizo zilizozichoma manowari za Kijapani za kubeba ndege Akagi, Kaga na Soryu kwa dakika chache asubuhi ile ya Midway, na Hiryu jioni yake. Akagi ilipigwa na bomu moja tu sawasawa. Bomu hilo lilipenya hadi ghala la ndege, lilimokuwa na ndege zilizojazwa mafuta na silaha, na meli ikajiteketeza yenyewe. Manowari ya kubeba ndege, kwa umbo lake, ni ghala la petroli lenye paa la kurukia, ndiyo maana bomu lililoweza kuvumilika kwenye manowari ya deraya lilikuwa kifo kwake.

Kwa hiyo jibu langu, ambalo huenda lisiwaridhishe wote, ni kwamba silaha hizi mbili zilikuwa na nguvu zaidi zikitumika pamoja. Mabomu na risasi viliwanyamazisha wapiga mizinga, kisha topido zikaja kutoka pande mbili za omo, yaani mbele ya meli, kwa wakati mmoja, ili nahodha akigeuza meli kukwepa kundi moja awape kundi la pili ubavu mzima. Manowari ya Kijapani Yamato, iliyokuwa miongoni mwa mbili kubwa kuliko zote zilizowahi kujengwa kwa ajili ya vita vya mizinga, ilizama tarehe 7 Aprili 1945 baada ya kupigwa na topido zipatazo kumi pamoja na mabomu kadhaa. Topido nyingi zilielekezwa ubavu wa kushoto, kwa sababu meli inayojaa maji upande mmoja hupinduka mapema kuliko ile inayojaa pande zote. Wamarekani walituma karibu ndege 400, wakapoteza kumi. Topido zilizotumika zilikuwa za Mark 13 ile ile, ila ilikuwa imefungwa mbao puani na kwenye mkia, na sasa iliweza kuangushwa kutoka juu zaidi na kwa mwendo mkali zaidi.

Bwana Mhariri, ni haki kusema kwamba ndege ziliizamisha manowari ya Kijerumani Bismarck? Mimi nilisoma kwamba ilizamishwa na mizinga. (Mpenzi wa historia za bahari)

Umesoma vizuri. Jioni ya tarehe 26 Mei 1941, ndege 15 za Swordfish kutoka manowari Ark Royal ziliishambulia Bismarck katika bahari ya Atlantiki, na topido moja ikaipiga sehemu ya tezi, yaani nyuma, na kukwamisha usukani wake. Topido hiyo haikutosha kuizamisha meli ya ukubwa ule. Lakini kutoka dakika ile Bismarck haikuweza tena kujiongoza kuelekea bandari za Ufaransa, ikawa inazunguka kuelekea upande walikokuwa adui zake, na asubuhi iliyofuata manowari King George V na Rodney zikaikuta na kuipiga mizinga mpaka ikanyamaza. Mwaka huo huo, tarehe 28 Machi, karibu na rasi ya Matapan, Ugiriki, ndege za manowari Formidable ziliipiga kruza (manowari ya ukubwa wa kati) ya Kiitalia iitwayo Pola ikasimama katikati ya bahari. Waitalia walizirudisha kruza Zara na Fiume kwenda kuisaidia, na usiku manowari za Uingereza zikazikuta zote tatu na kuzizamisha, pamoja na manowari nyingine mbili ndogo.

Nikilazimishwa kugawa sifa, nitasema kwamba katika visa vyote viwili mizinga ilimaliza kazi ambayo isingepata nafasi ya kuianza. Ndege ilimsimamisha mkimbizi, na baharini anayesimama hushikwa. Ndiyo maana mimi binafsi siuamini sana mtindo wa kupima ufanisi wa ndege kwa idadi ya meli zilizozamishwa na ndege peke yake. Fikiria mwezi Aprili 1942, ambapo ndege za manowari za Japani ziliingia bahari ya Hindi na, karibu na kisiwa cha Ceylon, leo Sri Lanka, zikazamisha kruza Dorsetshire na Cornwall, kisha baada ya siku nne manowari ya kubeba ndege Hermes, ambayo siku hiyo haikuwa na ndege yake hata moja. Hasara hizo zilikuwa kubwa, lakini lililofuata lilikuwa kubwa zaidi: sehemu kuu ya kundi la meli za Uingereza katika bahari hiyo iliondoka ikahamishia makao yake Kilindini, Mombasa, umbali wa maelfu ya kilomita kutoka maji iliyotumwa kuyalinda. Hakuna topido iliyorushwa dhidi ya meli zilizohama, na bado ndege ndizo zilizozihamisha.

Shikamoo Mhariri. Babu yangu alikuwa akisimulia kwamba ile manowari ya Kijerumani iliyojificha Rufiji wakati wa Vita Kuu ya Kwanza iliuawa na ndege. Wengine wananicheka. Ukweli ni upi? (Mjukuu)

Marahaba, mjukuu. Babu yako alikuwa na nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni ile ambayo wengi huisahau, kwa hiyo wanaokucheka wangoje kidogo.

Königsberg, kruza ya Kijerumani, iliizamisha manowari Pegasus ya Uingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha katika mikono ya mto Rufiji ikiwa na hitilafu za mitambo. Waingereza walijua imo humo, lakini meli zao kubwa hazikuweza kuingia mtoni, na kutoka baharini mikoko iliificha isionekane. Kwanza walimkodi rubani wa kiraia mwenye ndege ya kutua majini, naye akaiona. Kisha zililetwa ndege za wanamaji, na ndege hizo zilipata adui ambaye hakuna aliyemtarajia: joto na unyevu. Gundi iliachia, mbao zilipinda, na injini hazikuwa na nguvu ya kuipandisha ndege juu vya kutosha katika hewa ile. Mwaka 1915, baada ya kuletwa ndege nyingine, kiwanja kilitumika katika kisiwa cha Mafia, ambacho Waingereza walikuwa wamekwisha kukiteka.

Mabomu machache yaliyotupwa hayakuidhuru meli. Kazi iliyofaa ilikuwa ya macho. Waingereza walileta meli mbili zenye kina kifupi cha chini, Severn na Mersey, zilizoweza kuingia mtoni na kupiga mizinga juu ya miti bila kumwona adui. Tarehe 6 Julai walijaribu, wakarusha mamia ya makombora, nao wakarudi na majeraha. Tarehe 11 Julai walirudi tena. Juu yao ilikuwa ndege yenye rubani John Cull na mwangalizi Harwood Arnold, aliyetuma kwa simu ya upepo alama za kuonyesha kila kombora limeangukia wapi. Makombora yalisogezwa hatua kwa hatua mpaka yakaanza kuipiga meli. Ndege yenyewe ilipigwa, na wakati inashuka bila injini Arnold aliendelea kutuma marekebisho ya mwisho. Wakaanguka majini karibu na Mersey na wote wawili wakaokolewa. Wajerumani waliilipua Königsberg wenyewe ilipokuwa haifai tena kupigana, ila mizinga yake kumi waliitoa baadaye na kuivuta nchi kavu, ikatumika katika kampeni ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki. Kwa hiyo meli iliuawa na mizinga, na mizinga iliongozwa na ndege.

Nitaongeza jambo moja linalonivutia, ingawa hukuliuliza. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Agosti 1915, rubani Charles Edmonds aliirusha topido kutoka ndege ya wanamaji katika eneo la mlango-bahari wa Dardanelles, Uturuki, na kuipiga meli ya Kituruki, na hilo ndilo shambulio la kwanza la aina hiyo. Na Wajerumani walipojenga kruza nyingine wakaipa jina lile lile la Königsberg, nayo ilikutwa bandarini Bergen, Norway, tarehe 10 Aprili 1940, ikapigwa na ndege 16 za kupiga mbizi za wanamaji wa Uingereza zilizoruka kutoka visiwa vya Orkney, ikazama. Ilikuwa manowari kubwa ya kwanza kuzamishwa na ndege katika vita vile. Miaka 25 iliitosha ndege kupanda cheo kutoka mpiga ramli wa mizinga hadi mwuaji.

Mhariri, kwa nini taarifa za marubani hutofautiana sana na hesabu za baada ya vita? Walikuwa wakidanganya? (Msomaji wa miaka mingi)

Baadhi huenda walidanganya, lakini sidhani kwamba uongo ndio maelezo makuu. Jaribu kujiweka mahali pa rubani anayevuka juu ya meli kwa kilomita mia kadhaa kwa saa huku akipigwa risasi. Nguzo ya maji iliyoinuliwa na bomu lililokosa hufanana na mlipuko. Marubani watatu waliolenga meli moja huona moto mmoja, na kila mmoja huripoti kwa dhati kwamba ni wake. Aidha, kutambua meli kutoka juu ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Tarehe 7 Mei 1942, katika Bahari ya Matumbawe, Wajapani walituma kundi kubwa la ndege dhidi ya kile walichoarifiwa kuwa manowari ya kubeba ndege na kruza, na walipofika walikuta meli ya mafuta Neosho pamoja na manowari ndogo Sims. Hata siku ile ya Bismarck, kundi la kwanza la ndege za Ark Royal liliishambulia kwa makosa Sheffield, kruza ya Uingereza yenyewe. Iliyoiokoa Sheffield ni kasoro: viwashio vya sumaku vya topido vililipuka mapema vilipogusa maji. Kasoro hiyo ilijulikana kwa njia hiyo, vikawekwa viwashio vya kugonga, na kundi la pili ndilo lililokwamisha usukani wa Bismarck. Sijui kosa jingine vitani lililolipa vizuri namna hiyo.

Mfano mbaya kuliko yote ni wa mwezi Oktoba 1944, karibu na kisiwa cha Formosa, ambacho leo tunakiita Taiwan. Marubani wa Japani, wengi wao wageni kazini na wakishambulia usiku, waliripoti kwamba wamezamisha manowari 11 za kubeba ndege na nyingine nyingi. Tokyo ilitangaza ushindi. Ukweli ni kwamba kruza mbili, Canberra na Houston, ziliharibiwa vibaya zikavutwa kwa kamba, na hakuna meli ya Marekani iliyozama. Hatari ya takwimu kama hizo si aibu tu. Kamanda anayeamini kwamba adui hana tena manowari hupanga vita vinavyofuata kwa hesabu hiyo, na siku chache baadaye Wamarekani walikuwa Leyte, Ufilipino, na meli zao zote.

Je, ni kweli kwamba ndege ndizo zilizokata njia za biashara za Japani? (Bila jina)

Kwa sehemu tu. Uchunguzi wa serikali ya Marekani uliofanywa mara baada ya vita ulitoa mgawanyo wa tani za meli za biashara za Japani zilizozama au kuharibiwa: nyambizi asilimia 54.7, ndege za manowari asilimia 16.3, ndege za jeshi la nchi kavu asilimia 10.2, mabomu ya kutegwa majini, ambayo mengi yaliangushwa na ndege, asilimia 9.3, na ndege za wanamaji zilizoruka kutoka nchi kavu asilimia 4.3. Ukijumlisha zote zilizobebwa na mabawa hufikii kiasi cha nyambizi peke yake.

Hata hivyo asilimia haionyeshi mwendo wa kazi. Nyambizi ilifanya kazi kila siku kwa miaka, meli moja baada ya nyingine. Ndege za manowari zilikuja mara chache, kwa wingi, zikakuta meli zimejazana bandarini. Tarehe 17 na 18 Februari 1944 zilishambulia Truk, ngome ya Japani katikati ya Pasifiki, na kwa siku mbili zikazamisha zaidi ya meli 30 za mizigo na mafuta, jumla ya tani zipatazo 200,000. Meli hizo bado zimo chini ya maji yale, wapiga mbizi huzitembelea.

Ndugu Mhariri, kama ndege za wanamaji zilikuwa na uwezo huo, mbona manowari ya Kijerumani Tirpitz iliwashinda? (Fundi mitambo)

Kwa sababu ya uzito wa bomu, fundi, na moshi. Tarehe 3 Aprili 1944 ndege 40 za wanamaji wa Uingereza za aina ya Barracuda ziliipiga Tirpitz ndani ya ghuba nyembamba huko Norway kwa mabomu zaidi ya kumi, zikaua zaidi ya mabaharia 100 na kuiweka kwenye matengenezo kwa muda wa miezi mitatu hivi, lakini mabomu hayakupenya deraya yake kuu. Marubani kadhaa waliyaachia wakiwa chini ya kimo walichoamriwa, ili wasikose, na bomu la kupasua deraya lisipopata kimo halipati kasi. Mashambulio yaliyofuata yalikuta ghuba imejaa pazia la moshi. Mwezi Agosti bomu moja lilipenya kweli sitaha ya deraya, na halikulipuka. Iliyoimaliza, tarehe 12 Novemba 1944, ni ndege nzito za jeshi la anga za aina ya Lancaster zenye mabomu ya zaidi ya tani tano kila moja. Hakuna ndege ya manowari ya wakati ule iliyoweza hata kuinua bomu la namna hiyo. Lakini meli hiyo ilikuwa moja tu, iliyofungwa mahali pamoja. Dhidi ya meli inayokimbia baharini, Lancaster angekuwa na tatizo lile lile la sekunde nilizomwelezea mwanafunzi hapo juu.

Baada ya makombora ya kujiongoza kuja, mambo yalibadilika? (Askari mstaafu)

Yalibadilika, Mzee wetu, na mfano ulio wazi ni vita vya visiwa vya Falkland vya mwaka 1982. Baada ya nyambizi ya Uingereza kuizamisha kruza General Belgrano, manowari ya kubeba ndege ya Argentina ilirudi bandarini, na ndege za Super Étendard za wanamaji wa nchi hiyo ziliruka kutoka nchi kavu. Wanamaji hao walikuwa na makombora matano tu ya Exocet ya kurushwa na ndege. Tarehe 4 Mei ndege mbili zilikwenda chini sana juu ya mawimbi, zikainuka kidogo ili rada zione, zikarusha kombora moja moja na kugeuka bila marubani kuiona meli kwa macho. Moja liliipiga Sheffield, meli nyingine yenye jina lile lile la kruza ya mwaka 1941, wakafa watu 20, nayo ikazama siku sita baadaye ikiwa inavutwa.

Pigo lililoumiza zaidi, kwa maoni yangu, ni la tarehe 25 Mei, ambapo makombora mawili yalirushwa na kuiteketeza Atlantic Conveyor, meli ya biashara iliyokodiwa kubeba mizigo ya jeshi. Haikuwa manowari, na haikuwa na deraya wala mizinga ya maana. Ndani yake zilikuwamo helikopta kubwa za Chinook zilizokusudiwa kuwasafirisha askari kuvuka kisiwa. Tatu ziliungua humo, na ile moja iliyokuwa angani wakati huo ndiyo iliyobaki. Askari walioshuka upande wa magharibi wa kisiwa walibeba mizigo yao mgongoni na wengi wao wakaenda Port Stanley kwa miguu.